Tarumbeta Juu ya Sista

Jumatatu, 1 Julai 1996

Nimeamua. Sista anawekewa muziki.

Sista ni gari langu, Peugeot 404, lililokuwa la masista wa misheni kabla halijawa langu. Ni jeupe, au lilikuwa. Masista walilitunza vizuri sana isipokuwa upande wa burudani. Redio yake inashika stesheni moja, na hiyo moja mpaka gari liwe limeelekea Tabora.

Sababu ni Monika. Mpwa wangu, binti wa dada yangu Yustina, anaolewa Jumamosi ya tarehe 13 na mwalimu Thadei. Alipokuwa na miaka tisa nilimpeleka kwenye komunyo ya kwanza kwa baiskeli. Mnyororo ukakatika njiani. Tulifika padri anawaambia watu nendeni na amani. Mtoto hakulia. Alisimama tu mlangoni na gauni lake jeupe lenye grisi, akanitazama. Siku ile nilimwahidi: siku ya ndoa yako nitakupeleka mimi, kwa gari, kwa muziki, na utafika kabla ya padri. Miaka kumi na mitatu imepita. Jana nje ya kanisa alinikumbusha huku anacheka, lakini macho hayakucheka sana.

Kikwazo: shemeji Nkwabi. Ni mdogo wake Mabula, baba wa Monika. Wasukuma, watu wa ng'ombe, wanakaa nje ya mji wetu wa Mpanda, barabara ya Inyonga. Nkwabi ana Hilux, na ndani ya Hilux kuna redio yenye vitaa vinavyopanda na kushuka. Ameshawaambia ukoo kwamba bibi harusi atapanda kwake. Eti yeye ni baba mdogo. Tena ni katibu wa sungusungu, wale walinzi wao wa ng'ombe wenye pinde na marungu. Hatembei bila filimbi shingoni. Hujisifu kwamba kwao ikipigwa sauti ya hatari kila mwanamume anatoka mbio, hata aliyekuwa na tonge mdomoni.

Mtu anayeacha ugali wake ana matatizo yake.

Mke wangu Dafrosa anasema nimwachie Nkwabi tukale pilau kwa amani. Dafrosa ni mwanamke mwema ila haoni mbali.

Jumanne, 2 Julai

Nimepata redio kaseti! Nimeipata kwa Épiphanie, yule mama wa Katumba anayeuza vitu vya Kigoma pale sokoni. Haina boksi, haina karatasi, na nyaya zake zimekatwa fupi kana kwamba iling'olewa kwa haraka. Sikuuliza. Tumebadilishana kwa saa mbili za ukutani, moja inatembea.

Nilimuuliza kama inafanya kazi. Akasema yeye kazi yake ni kuuza, haimbi. Akanishauri nimpelekee fundi Telesphor wa Nsemulwa, aliyekuwa fundi umeme wa karakana ya reli. Nikamkumbusha kwamba mimi mwenyewe ni fundi saa, mwaka wa ishirini na mbili huu, na meza yangu anaiona kila siku. Saa ya mkononi ina vyuma vidogo zaidi ya mia. Redio hii ina nyaya sita. Hesabu ni rahisi.

Épiphanie akasema haya, lakini saa haiwezi kuunguza gari. Nikamwambia kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Akajibu kwamba yeye ng'ombe anamwona, maji ndiyo hayaoni.

Wanawake wa Katumba wana majibu.

Jumatano, 3 Julai

Spika nimezitoa kwenye redio ya mbao ya marehemu baba. Naamini angekubali. Nilizijaribu juu ya meza kwa betri za tochi. Sauti nyembamba sana, hakuna besi kabisa. Muziki bila besi ni mboga bila chumvi.

Nikakaa nikafikiri. Jibu likaja lenyewe jikoni. Nilikuwa nimeingiza kichwa kwenye sufuria kubwa kutazama kama kuna kiporo, nikaguna. Lo! Nilitoa sauti ya askofu. Nikaguna tena kuhakikisha. Askofu yule yule.

Kwa hiyo spika zote mbili zinakaa ndani ya sufuria, na sufuria linakaa kwenye buti. Ni lile kubwa kuliko yote, la akina mama wa parokia. Linatunzwa kwetu kwa sababu Dafrosa ndiye mweka vyombo wao. Dafrosa mwenyewe yuko Kibaoni kwa dada yake kutafuta mchele wa harusi, harudi mpaka Ijumaa. Nimetoboa tundu moja tu la kupitisha waya, chini kabisa, mahali ambapo mtu hatazami. Tundu la kidole gumba. Changu ni kinene kidogo.

Ijumaa, 5 Julai

Siku ya ushindi, ingawa ulichelewa.

Asubuhi niliunga waya mwekundu na mwekundu, mweusi na mweusi. Kimya. Nikabadilisha. Kimya, na moshi kidogo. Nikaacha rangi, nikafuata hisia. Saa nane mchana nikapata waya mmoja nyuma ya gari wenye uhai, nikaunga hapo, nikaingia kukaa kwenye usukani, na kwaya ya kaseti niliyoazima kwa jirani ikalipuka kutoka kwenye buti kama Pasaka! Nilishangilia peke yangu. Nikanyanyua mguu nishuke nimwite jirani. Kwaya ikanyamaza.

Nimechunguza kwa saa nzima. Ukweli ni huu: nimeunga redio kwenye waya wa taa za breki. Nikikanyaga breki, inaimba. Nikiachia, inanyamaza.

Mwingine angekata tamaa. Mimi naona ni redio yenye nidhamu. Haiimbi ovyo.

Dafrosa amerudi na mchele. Ameuliza sufuria kubwa liko wapi. Nimemwambia limeazimwa na mtu mwaminifu. Sikusema uongo.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba. Kikao cha ukoo nyumbani kwa Mabula. Ajenda moja: Monika atapanda gari gani.

Mabula ni mtu wa haki. Akasema maneno matupu hayafai, kila mmoja alete gari lake pale uwanjani, lipite mbele ya wazee likiwa na muziki wake, wazee waamue. Monika alikaa kwenye mkeka karibu na bibi yake, Bibi Minza, mama yake Mabula, ambaye hasemi sana ila akisema mambo yanaisha. Dada yangu Yustina alinivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba nikimwaibisha mbele ya wakwe zake nisikanyage kwake mpaka Noeli.

Nkwabi alianza. Aliingia kwa kasi, vumbi hadi kwenye chai ya watu, vitaa vinapanda vinashuka. Kuku mmoja hakuwahi kukimbia.

Kisha mimi. Tangu kwenye mti wa mpaka wa uwanja hadi mbele ya wazee niliendesha mguu wa kushoto ukiwa umekanyaga breki, wa kulia moto, gia namba moja. Sista alilia kwa chini, lakini muziki haukukatika hata mara moja. Tulipita mbele ya wazee polepole mno, kiasi kwamba mzee mmoja alipata nafasi ya kusimama, kunisalimia, kuniuliza habari za nyumbani na kukaa tena.

Bibi Minza akasema huyu anajua amebeba nini. Mabula akaunga mkono: mwenda pole hajikwai, bibi harusi si gunia la dengu, na Nkwabi anaendesha kama anayefukuza mwizi. Imepitishwa! Monika anapanda kwa mjomba. Nkwabi atafuata nyuma na shangazi na masanduku.

Nkwabi alinijia akasema magurudumu yangu yanatoa moshi. Nikamwambia ni vumbi lako bado linatua.

Wakati wa kurudi Sista hakuwa na breki kabisa. Nilisimama kwa kutumia ukuta wa jirani. Ukuta ulikuwa mbovu tangu zamani.

Jumatatu, 8 Julai

Nimemruhusu Telesphor aliangalie gari. Nasema nimemruhusu kwa sababu sikumwomba, nilimwambia tu lilipo.

Aliingia chini ya Sista akakaa huko muda mrefu. Nilifikiri anatengeneza. Alikuwa anacheka. Baadaye alitengeneza breki, akatoa waya wangu, akaunga redio moja kwa moja kwenye betri na swichi yake. Alipofungua buti na kuona sufuria hakucheka tena. Aliuliza kama mama watoto anajua. Nikamwambia tuzungumze ya gari.

Nikamuuliza kama hana kitu cha sauti kubwa zaidi. Hakutaka kujibu. Mtu asiyetaka kujibu ana kitu. Nilimbana mpaka akaniongoza stoo, na pale juu ya boriti niliiona: spika ya tarumbeta ya lile gari la sinema la serikali lililokuwa linazunguka vijijini tukiwa vijana. Mdomoni mwake kichwa cha ndama kinaenea. Na amplifaya yake ipo, ya betri ya gari! Nilisikia moyo unapiga. Zamani tarumbeta hiyo ikilia stendi, tulikuwa tunaisikia tukiwa ng'ambo ya reli.

Telesphor amenikabidhi kwa masharti, nami nayaandika yote hapa nisije nikayasahau. Kwanza, tarumbeta inakunywa umeme kama ngamia. Pili, dainamo ya Sista imezeeka, gari likienda polepole haichaji betri hata kidogo. Tatu, kwa hiyo nipige muziki kidogo, nipumzishe, na nikipiga niende mwendo. Nikamuuliza: je, msafara wa harusi ukienda polepole? Akasema hilo ndilo analoliongelea tangu mwanzo.

Nimeshaandika. Sasa niko huru kufikiria mambo makubwa.

Tarumbeta imefungwa juu ya paa kwa mipira ya tairi. Majirani wote wa Nsemulwa wamekuja kuona. Dafrosa hakuja.

Jumatano, 10 Julai

Kaseti ya harusi nimeipata kwa Épiphanie, nyimbo za kwaya pande zote mbili. Nzuri, lakini ni nyimbo ambazo kila mtu anazo. Nilitaka kitu cha kumfunga Nkwabi mdomo, kitu cha kwao wenyewe, ili watu waseme kumbe mjomba ndiye anayewajua Wasukuma.

Wazo likanijia usiku, asubuhi nikaazima kinasa sauti cha Épiphanie nikaenda kwa Bibi Minza. Nikamweleza: bibi, nataka ile sauti yenu ambayo ikipigwa watu wote wanatoka nje.

Aliweka ungo wake chini. Akauliza ya nini. Nikasema ya Monika. Akauliza kama Monika ana shida. Nikasema hapana, ni furaha. Nikambembeleza sana, nikamwambia ni ya kuhifadhi, vijana wasije wakasahau mila. Hapo akasimama. Akaniingiza ndani, akafunga mlango, akafunga na dirisha, akachukua chungu, akaweka mdomo ndani ya chungu na kupiga taratibu, ndogo, fupi, kinasa kikizunguka.

Nywele zilinisimama! Hata ikiwa ndani ya chungu, ilikuwa inapanda, inakatika, inapanda tena. Vigelegele vyetu haviifikii. Ni ndogo, lakini si kitu, amplifaya itairudishia ilichopungukiwa.

Bibi alipomaliza alinishika mkono akasema hii haipigwi bure. Nilimwelewa mara moja. Kesho nampelekea kilo ya sukari.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepeleka sukari. Bibi Minza amepokea lakini akarudia maneno yale yale. Nimeongeza majani ya chai.

Ijumaa, 12 Julai

Mambo yote yako tayari. Nimeshinda nikijaribu muziki tangu asubuhi, gari likiwa limezimwa ili kuokoa petroli. Sauti ya Bibi Minza sijaijaribu, ni ya kesho, isizoeleke masikioni.

Nimepanga ratiba kama jenerali. Tunatoka kwa Mabula saa tatu na nusu. Misa ni saa tano kamili. Padri amesema wazi kwamba kuna ndoa nyingine mbili na baada ya hapo anakwenda kigangoni, kwa hiyo bibi harusi atakayechelewa atasubiri mwezi ujao. Kwaya itapigwa njia nzima. Kisha, maili moja kabla ya kanisa, tunapita mnadani. Jumamosi ni siku ya mnada wa ng'ombe, wafugaji wanatoka kila pembe. Umati tayari, bila gharama! Hapo ndipo nitakapomwachia Bibi Minza.

Telesphor amepita kuuliza kama nimechaji betri. Nimemwambia imani huhamisha milima. Akasema milima sawa, lakini Peugeot?

Dafrosa ameuliza habari za sufuria mara tatu. Ameniita Melkiadi, kwa jina langu lenyewe, jambo ambalo hulifanya kabla ya mvua ya mawe.

Jumamosi, 13 Julai

Ninaandika jioni.

Monika alitoka kwa baba yake akiwa amependeza mpaka nikashindwa kufungua mlango. Alikaa nyuma na matroni wake, mama mmoja wa kwaya asiyependa vumbi. Aliniambia taratibu: Mjomba, tutafika? Nikamwambia keti. Nkwabi nyuma yetu na Hilux, suti ya kijivu, tai nyekundu, filimbi juu ya tai.

Muziki ulikuwa wa kupita kiasi. Tarumbeta mbele, sufuria nyuma. Mbuzi walitupisha wenyewe. Nilikwenda polepole kama ukoo ulivyoamua. Karibu na mji niliona sindano ya betri imelala, na kwaya ikaanza kuimba kwa sauti za wanaume peke yao. Nikajua ni wakati wa kubadilisha kaseti.

Mnada ulikuwa umefurika. Nikasogea mpaka katikati, nikaongeza sauti hadi mwisho, nikamwachia Bibi Minza.

Jamani.

Ilipanda, ikakatika, ikapanda. Kwa nukta moja mnada mzima ulinyamaza, hata waliokuwa wanapatana bei. Halafu kila mwanamume aliye na fimbo akaishika vizuri. Wakaja wote! Kutoka kwenye zizi, kutoka kwenye supu, mmoja nusu amenyolewa, mwingine bado ana mfupa mkononi. Niliona moyoni kwamba nimefaulu kuliko nilivyotarajia.

Nkwabi nilimwona kwenye kioo. Aliruka kutoka kwenye Hilux kabla haijasimama, akapiga filimbi, akatupita na spana ya magurudumu mkononi, akapotelea vichakani upande wa mto. Hakuuliza hata swali moja. Hilux yake haikuwa na hendibreki. Iliingia taratibu kwenye mtaro na kuinama upande, shangazi wote ndani wamekaa wima na kofia zao.

Kisha Bibi Minza akaanza kuzama. Sauti ikawa nzito, ikawa ya dume la ng'ombe, ikawa mguno, ikaisha. Injini ikakohoa mara mbili ikaisha pia. Kimya. Mimi, bibi harusi, na watu zaidi ya sitini wenye marungu.

Mbele yao alisimama mzee mmoja mrefu anaitwa Malale, kamanda wa sungusungu wa siku ya mnada. Hakupaza sauti. Aliuliza ng'ombe wameelekea wapi. Nikasema ng'ombe gani. Akauliza nani ameuawa. Nikasema hakuna, ni harusi, karibuni. Akanieleza polepole, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba nilichopiga ni mwano. Mwano hupigwa ng'ombe wakiibwa au mtu akivamiwa, na asiyetoka anaposikia ana kesi. Anayeupiga bure naye ana kesi, kubwa zaidi: anatoa dume la ng'ombe, na mpaka alitoe hakuna wa kumsalimia wala kumpa moto wa kuwashia jiko.

Mimi sina hata mbuzi. Na saa yangu ilisema saa nne na dakika thelathini na nane. Kengele ya kwanza ya kanisa ilisikika. Nilimwona yule mtoto wa miaka tisa mlangoni, na safari hii ni mimi tena, na sina hata mnyororo wa kusingizia. Nilitaka kulia pale pale.

Malale akauliza kwa mara ya mwisho, mbele ya watu wote, kama sheria yao inavyotaka: aliyepiga mwano ana shida, au hana shida?

Nilifungua mdomo kusema hana.

Monika akateremsha kioo. Akatoa kichwa, shela na yote, akamwamkia Malale kwa Kisukuma, akajitaja kuwa ni binti wa Mabula, kisha akasema kwa utulivu: shida ipo, baba. Misa ni saa tano, gari la mjomba limekufa, na la baba mdogo mnaliona lilipo. Nikichelewa siolewi mwezi huu. Nimepiga mwano, nanyi mmekuja.

Wazee walitazamana. Mmoja akasema mtoto wa watu kukosa ndoa si jambo dogo. Mwingine akasema ni bora ng'ombe aibiwe. Malale akafikiri, akatikisa kichwa kuelekea kwangu kwa namna ambayo sikuipenda, akasema shida ni shida. Akaweka rungu lake begani na kushika buti.

Tulisukumwa maili nzima! Watu sitini, pinde mgongoni, wanaimba nyimbo zao za kulima, na mimi kwenye usukani. Sista hajawahi kwenda mwendo ule tangu masista. Watu walitoka kwenye nyumba zao njia nzima kutazama. Hakuna harusi Mpanda iliyowahi kutazamwa vile. Na kwa kuwa breki za Telesphor ni nzuri, tulisimama mbele ya mlango wa kanisa, si ndani.

Saa tano kasoro dakika mbili. Saa yangu haikosei. Padri alikuwa bado anavaa.

Monika alishuka, akageuka, akainua pindo la gauni akalitazama mbele na nyuma. Akasema: Mjomba, leo hakuna grisi. Akaingia.

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma shajara hii. Matroni alinipa leso na kusema nisimrudishie.

Mengine ni madogo. Watu walioitikia mwano hawarudishwi na njaa, kwa hiyo sitini waliongezeka kwenye pilau. Likahitajika sufuria kubwa haraka. Telesphor, kwa nia njema, akamwambia Dafrosa liko kwenye buti. Alilitoa, akang'oa spika za baba, akalibandika jikoni, akamimina ndoo mbili za maji. Moto ulizimika. Dafrosa aliinama, akaingiza kidole gumba kwenye tundu, kikapwaya. Akainua macho akaanza kunitafuta kati ya wageni. Aliziba tundu kwa bonge la ugali na kupika vizuri tu.

Jumatatu, 15 Julai

Malale na Nkwabi wamekuja asubuhi kuchukua tarumbeta na ile kaseti. Ni agizo la Bibi Minza. Tarumbeta itafungwa kwenye Hilux ya katibu kwa kazi za ulinzi. Nkwabi alirudi kutoka mtoni Jumamosi saa kumi jioni, suti imejaa miiba, na leo hakunitazama usoni. Yaani wazo ni langu na sifa anapata yeye. Bibi Minza amerudisha sukari. Nadhani ilikuwa kidogo.

Akina mama wa parokia wanataka maelezo kuhusu sufuria, kikao ni Alhamisi. Nitawaeleza habari za besi. Mtu akielezwa vizuri huelewa.

Nimekaa mezani kwangu sokoni nikayachambua yote kwa utulivu. Kosa halikuwa muziki. Bibi harusi aliwahi, kwa gari, kwa muziki, mbele ya mji mzima, kama nilivyoahidi. Kosa lilikuwa betri moja badala ya mbili. Telesphor anasema kosa lina masikio mawili na linaitwa Melkiadi. Ana wivu, lakini nilimwona jana analifuta vumbi boksi moja juu ya boriti. Gari la sinema lilikuwa na tarumbeta mbili!

Habari njema imeletwa na Yustina, ingawa alikuja kunigombeza. Mdogo wake Monika, Pudensiana, amechumbiwa na kijana wa Kapalamsenga, kule ziwani. Nilimwahidi Pudensiana papo hapo, kabla Yustina hajamaliza sentensi. Safari ni ndefu, milima mingi, mwendo wa polepole. Sista ataiweza.

Kaseti nayo naijua tayari. Sokoni kuna mvuvi wa huko anayeleta migebuka. Ameniambia kwao wana sauti moja ambayo mama mzee akiipiga pale ufukweni, kijiji kizima kinaacha kila kitu na kukimbilia majini na mitumbwi. Ilibaki kidogo aniambie hupigwa lini, nikamwambia usijisumbue, nimeshaelewa.

Nimenunua sukari. Safari hii kilo mbili.